Doti Mbili za Namna Moja

Duka alilosimamia Kassim Komora lilikuwa la tatu kutoka kivukoni Garsen, lina milango miwili ya mbao na paa la mabati, na halikuuza kitu kingine ila nguo. Mwenyewe, Bwana Shee, alikaa Lamu, na alikuja mara mbili kwa mwaka kutazama mali yake. Siku aliyomkabidhi Kassim funguo, mwaka wa 1951, hakumpa maneno mengi. Alimwonyesha majora ya marekani na bafta, kaniki, leso, vikoi, mikasi na ubao wa kupimia yadi, kisha akasema, "Mtu akinunua nguo amekuonyesha nyumba yake. Ukitoka hapa, hukuona kitu."

Kassim alilishika neno hilo miaka mitano. Si kwamba alimwogopa Bwana Shee. Aliona mwenyewe kwamba lina ukweli. Mwanamume aliyeingia bila kuamkia watu, akasimama mbele ya jora la bafta ya sanda, alikuwa na maiti nyumbani, na kwa idadi ya yadi alizotaka Kassim alijua kama maiti ni ya mtu mzima au ya mtoto. Mfugaji aliyenunua kikoi kipya katikati ya kiangazi alikuwa ameuza ng'ombe ambaye nduguze hawajaambiwa. Na mwanamume mwenye mke mmoja akitaka doti mbili za leso za namna moja, rangi moja na maua yale yale, basi huyo hakuwa tena mtu wa mke mmoja. Mwenye wake wawili hana budi kuwavika sawasawa. Akimpa huyu nyekundu na yule buluu, hatapata usingizi nyumba hii wala ile. Wenye maduka wote wa Garsen hawakuweka chini ya doti mbili za kila namna, na kila mmoja alijua wateja wake ni nani.

Kujua hakukumchosha. Kilichomchosha ni uso. Asubuhi alimpimia mke yadi tatu za marekani, akacheka naye, akamuuliza hali ya watoto, na huku anajua mumewe alinunua nini jana alasiri na kwa ajili ya nani. Jioni alirudi nyumbani akala kimya. Mkewe, Madina, alikwisha acha kumuuliza habari za mchana. "Wewe hurudi kama mtu aliyetoka kuzika," alimwambia mara moja, "na hata jina la maiti hutaji."

Tarehe kumi na mbili ya Ramadhani, mwaka wa 1956, saa tisa alasiri, wakati wenye saumu wengi wamelala, aliingia Jilo Guracha. Jilo alikuwa mkulima wa Hewani, mume wa Esha, dada yake mdogo Kassim. Baba yao alikuwa amekwisha kufa Esha alipoposwa, kwa hiyo Kassim ndiye aliyekuwa walii wake na ndiye aliyemwozesha. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, na nyumba ile haikuwa na mtoto.

"Shemeji," alisema Jilo.

"Karibu, shemeji. Hewani salama?"

"Salama. Mto umeingia shamba la chini, lakini salama."

"Na Esha?"

"Yupo. Anapanda mpunga." Jilo alipangusa miguu yake yenye tope mlangoni, ingawa sakafu ya duka ilikuwa ya udongo. "Nataka leso."

"Chagua."

Hakuchukua muda. Alinyoosha kidole kwenye leso za zambarau, zenye maua ya korosho na ukingo mweusi. "Hizi. Doti mbili."

"Mbili za hizi hizi?"

"Hizi hizi."

Kassim alizishusha. Mikono yake ilifanya kazi kama siku zote: alizikunjua, akazitazama kama zina kasoro, akaikunja kila doti peke yake na kuifunga katika karatasi yake. Jilo alilipa, lakini hakuondoka. Aliegemea meza. Aliuliza kama kivuko kitafungwa mto ukizidi kujaa. Aliuliza kama basi la Malindi limepita. Akazishika zile karatasi mbili, akaziweka tena mezani.

"Shemeji, huna neno?"

"Neno gani, shemeji? Tuombe tufikie Idd salama."

Jilo alimtazama, akatazama chini, akabeba vifurushi vyake akatoka. Kassim alidhani kwamba anaogopa. Wateja wa namna ile waliogopa sikuzote, na dawa yao ilikuwa moja: kuwaonyesha uso wa mtu ambaye hakuona kitu.

Usiku ule, na siku zilizofuata, alilipima jambo lile kwa utaratibu. Huenda doti ya pili ni ya mama yake Jilo. Lakini mama yake Jilo alikuwa amekufa. Huenda ni ya dada yake. Jilo hakuwa na dada. Huenda ametumwa na mtu. Aliyetumwa hutaja jina la aliyemtuma kabla hata hajaamkia. Alipomaliza kuyaondoa yote yasiyowezekana, likabaki moja. Akajiambia kwamba hata hilo moja si lake. Liliingia kwa mlango wa duka na lilipaswa kubaki dukani.

Tarehe ishirini na mbili alikuja Esha mwenyewe, pamoja na wanawake wawili wa Hewani. Mmoja alikuwa Kache, mke wa mwashi, mwenye mdomo usiopumzika. Wa pili alikuwa Mwanasiti, mwanamke kijana aliyeachwa na mumewe mwaka uliopita, akarudi kukaa na mama yake, nyumba mbili kutoka kwa Esha.

"Bwana Kassim," alisema Kache, "punguza bei. Funga hii imetutoa mafuta, na wewe watutoa damu."

"Bei ni ile ile ya mwaka jana, mama."

"Na mwaka jana pia nililia!"

Walicheka. Esha alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya leso, akazipapasa kwa nyuma ya mkono kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni, kisha akamgeukia kaka yake na macho ya kichokozi. "Kaka, mwaka huu mume wangu amenikataza kununua. Anasema ameshaninunulia. Amenunua hapa?"

"Wanunuzi ni wengi."

"Basi hata mimi wanificha! Niambie rangi tu."

"Subiri Idd," alisema Kassim, akatabasamu.

Esha alifurahi. Alikunja uso kwa mzaha, akawaambia wenzake, "Mwaona? Wamekula njama, yeye na shemeji yake. Wote wawili dhidi yangu."

Mwanasiti hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya leso za zambarau, kwani doti moja ilikuwa imebaki. Aliigusa ukingo, kisha akaurudisha mkono wake haraka kama aliyeshikwa akiiba. Kassim aliuona mkono ule. Aliona pia kwamba Mwanasiti, ambaye mama yake alikuwa maskini na ambaye hakuwa na leso isiyotoboka, alikuja Garsen siku nane kabla ya Idd na hakuuliza bei ya kitu chochote.

"Chukua hiyo hiyo, Mwanasiti," alisema Esha. "Zambarau yakufaa. Ukiivaa Idd, utapata mume kabla jua halijatua."

"Sina haja nayo, dada," alisema Mwanasiti.

"Hana haja!" alisema Kache. "Aliyeachwa ndiye mwenye haja kuliko sote."

Kassim alichukua mikasi, akaanza kukata marekani ya Kache. Aliipima mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa amesahau idadi. Wakati ule dada yake alikuwa mbele yake, umbali wa meza moja, na angeweza kumwambia abaki nyuma kidogo wenzake wakitoka. Alilifikiri. Aliona kwamba akimwambia Esha leo, kesho atakuwa amewaambia wanawake wote wa mto huu kwamba duka lake lina kinywa, na kwamba kanuni inayovunjwa kwa ajili ya ndugu si kanuni. Fikra hiyo ilikuwa sahihi kila upande alipoitazama. Wanawake walitoka, na sauti ya Esha akicheka ilisikika mpaka kivukoni.

Mwezi uliandama kwa ishirini na tisa. Siku ya Idd Kassim alisali Garsen na hakutoka tena nyumbani. Siku ya pili yake alifungua mlango mmoja wa duka, kwa desturi ya watu waliosahau kununua, na Esha akaingia. Alikuwa amevaa kaniki yake ya shambani. Mikono yake ilikuwa na hina mpya.

"Lini?" aliuliza.

"Esha, kaa kwanza."

"Nimekuuliza lini."

"Tarehe kumi na mbili."

Alihesabu kwa vidole, polepole, akirudi kwenye kidole kimoja mara mbili. "Siku kumi na nane. Siku kumi na nane nimepanda mpunga na mama yake Mwanasiti. Nimewaazima kinu changu. Nimekuja hapa naye, kaka, hapa, nikamwambia avae zambarau apate mume. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale uliposimama sasa."

"Nilikuwa dukani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Kassim alimsogezea kigoda.

"Ungeniambia ningelia," alisema Esha. Hakupandisha sauti. "Ningekutukana wewe, ningevunja vyungu vyangu, yangekwisha. Siku ya Idd ningekaa ndani nikasema naumwa. Sasa nimejipaka hina, nimejifukiza udi, nimefika uwanjani nikiringa na leso yangu, na yeye akatokea upande wa pili na ya kwake. Wanawake wote wa Hewani walinitazama nikimtazama. Kache alifunika mdomo kwa mkono. Kache, ambaye hajawahi kuufunga!"

"Esha, kazi hii ina masharti yake. Nikianza kusema ya huyu, nitasema ya wote."

"Mimi si huyu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, usingeniambia nisubiri Idd." Alifunga kaniki vizuri kifuani, akatoka. Hakuubamiza mlango wala hakulaani. Siku ile ile alipanda mtumbwi wa kwenda juu, Wenje walikozaliwa, kwa baba yao mdogo, Mzee Godhana.

Jilo alikuja siku ya nne, tena mchana kweupe, mbele ya wateja. Kassim aliwaomba wateja watoke, akafunga mlango mmoja.

"Umeivunja nyumba yangu, shemeji," alisema Jilo.

"Mimi? Aliyeoa ni nani?"

"Nimeoa. Nimeoa Shaabani, Kipini, kwa mashahidi, sikuiba. Garsen kuna maduka manne ya nguo. La Mwarabu liko njiani kwangu, na leso zile zile anazo. Kwa nini nilipite nije kwako?"

Kassim alishika ubao wa kupimia.

"Nimekuuliza wewe mwenye akili. Kwa nini nilikuja kwako?"

"Ungesema."

"Niseme!" Jilo alitazama dari, kisha akacheka bila furaha. "Mume gani wa mto huu humwambia mkewe kwa kinywa chake? Baba yako alipooa mke wa pili, mama yako aliambiwa na nani?"

Kassim alikumbuka, na alikumbuka yote kwa mara moja. Alikuwa na miaka tisa. Mjomba wake, ndugu wa mama yake, alikuja na beberu amemfunga kamba, akakaa mlangoni, akasema alilotumwa kusema, na mama yake akampiga kwa upawa mpaka upawa ukakatika mpini. Mjomba hakuinua mkono kujikinga. Alikuja kwa ajili hiyo. Mke humaliza hasira yake juu ya ndugu yake mwenyewe, ambaye hawezi kumwacha wala kuachwa, na mume hurudi nyumbani hasira zikiwa zimepoa. Kila mtu wa Wenje alilijua hilo. Kassim alilijua pia, ila hakulijua akiwa amesimama nyuma ya meza ya duka.

"Nilisimama hapa mpaka miguu ikaniuma," alisema Jilo. "Nikakuuliza una neno. Ukaniombea Idd. Nikajua, basi, ameelewa, atakwenda. Kila siku nikirudi shamba natazama kama umekuja. Esha anaimba. Nikasema labda umekwisha mwambia naye amekubali. Nilimwona anaimba, shemeji, nikafikiri amekubali."

"Nilidhani unataka nikufichie."

"Nikufiche wewe, ndugu wa mke wangu, kwa kununua mbele ya macho yako?" Jilo aliufungua mlango mwenyewe. "Wewe umekuwa duka kabisa."

Wiki zilizofuata zilikuwa na mambo mawili, na Kassim aliyaona yote mawili. Wanawake walipungua. Waliokuja walinunua haraka, macho yao mikononi mwake. Kache alikuja mara moja, akasimama katikati ya duka akasema kwa sauti ya mzaha, "Haya, bwana Kassim, na mwashi wangu je? Amenunua ngapi?" Waliokuwapo walicheka, lakini Kache hakuondoka mpaka alipoona kwamba hatajibiwa. Wanaume, kwa upande wao, waliongezeka. Wafugaji waliokuwa wakinunua kwa Mwarabu walianza kuja kwake, na Wario, mzee wa Kiorma mwenye wake watatu na aliyesemekana kutafuta wa nne, alimpiga bega akamwambia, "Wewe mtu ya siri. Mimi napenda." Bwana Shee alipokuja mwezi wa Juni alikuwa amekwisha ipata habari Lamu. Alimsifu.

Kabla ya hapo Kassim alikuwa amelifunga duka siku nne, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, akaenda Wenje. Mzee Godhana alimpokea barazani, akampa maji, akaelekeza kidole kwenye ukuta wa udongo nyuma yake. "Yumo humu ndani. Hataki kutoka, lakini anasikia. Sema."

Kassim aliuelekea ukuta akasema. Alieleza tarehe. Alieleza alivyomwona Jilo akisimama na jinsi alivyomfahamu vibaya. Alieleza amri ya mwenye duka na sababu yake, na jinsi alivyoisahau desturi ya kwao, na kwamba kosa la mwanzo lilikuwa lake na si la Jilo. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Nyuma ya ukuta ilisikika sauti ya mtu akipepeta mchele, na haikusita.

"Umemaliza?" aliuliza mzee.

"Nimemaliza."

"Umeeleza vizuri. Hata karani wa serikali hangeeleza hivyo." Mzee alitema ugoro. "Ila sikusikia mahali uliposema imekuuma."

Kassim alifungua kinywa. Ilikuwa imemuuma, hakuwa na usingizi tangu Idd, na mkanda wake ulikuwa umeingia tundu mbili. Lakini kwa miaka mitano alikuwa ameuzoesha uso wake kutosema, na sasa ulikataa. Alikaa mpaka mtumbwi wa kurudi ulipoitwa, na mchele ukaendelea kupepetwa.

Mwezi wa Julai, mto ulipokuwa umeshuka, Dado, mzee aliyeendesha mtumbwi kati ya Wenje na Garsen, aliingia dukani na furushi kubwa kichwani, akalitua mezani.

"Kutoka kwa dada yako," alisema. "Kasema nikupe mkononi mwako."

"Hana salamu?"

"Kanipa furushi. Salamu hakunipa."

Kassim alilifungua. Zilikuwa nguo, zimefuliwa, zimekunjwa kwa ncha kama zilivyokunjwa dukani. Alizitambua moja moja, akazitoa kwa utaratibu, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuzitoa. Vipande viwili vya marekani, alivyompa Esha alipokhitimu Kurani, vimekwisha geuka rangi ya maziwa. Leso nyekundu za harusi, za mwaka wa 1945, alizozinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa upagazi, ukingo umefumuka upande mmoja na kushonwa tena kwa uzi mweupe. Leso nyeusi za msiba wa mama yao. Doti ya manjano ya mwaka aliopewa duka. Doti ya kijani, ya mwaka wa mafuriko. Kikoi cha kujifunikia wakati wa homa. Leso za zambarau hazikuwamo. Zile hakuzitoa yeye. Vilivyokuwamo vilikuwa vyote alivyompa kwa mkono wake katika umri wake wote, na vilijaa meza nzima.

Alivihesabu kwa macho, na kimoja hakikuwapo. Mwaka juzi, kabla ya kilimo, alikuwa amemkatia yadi nne za kaniki, na kwa kuwa zilikuwa za mwisho wa jora alimwongezea nusu. Ile kaniki aliijua. Alikuwa ameiona mara ya mwisho mbele ya meza hii hii, siku ya pili ya Idd.

Alizipekua tena nguo zote toka chini mpaka juu. Haikuwamo. Huenda ilikuwa imechanika akaitupa. Huenda hakuwa na nyingine ya kuingilia shambani, na mtu hawezi kulima uchi kwa sababu ya hasira. Huenda kulikuwa na sababu nyingine. Alisimama na mikono juu ya rundo, na kwa mara ya kwanza tangu ashike funguo za duka lile alitaka kumuuliza mtu habari za nguo za mtu mwingine.

"Mzee Dado."

"Naam."

"Ulipomwona, alipokupa furushi hili. Alikuwa amevaa nini?"

Dado alimkazia macho kama anayetazama mtu mwenye homa. "Mimi nitazame nguo za mke wa mtu?" alisema. "Sikuangalia." Akajifuta jasho shingoni, akatoka kurudi mtoni.